Jiwe, Umbo na Dau: Historia ya Maana za Maneno ya Mchezo wa Gololi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maana za maneno yanayohusu mchezo wa gololi, yakilinganisha neno la Kiingereza *marble* na maneno ya Kiswahili *marumaru*, *gololi* na *kete*. Hoja yake kuu ni kwamba maana zinazopangwa katika kidahizo kimoja cha kamusi kwa nambari zinazofuatana zinaweza kuwa zimepita njia tatu tofauti: njia ya kitu kilichotengenezea kifaa, njia ya umbo la kifaa, na njia ya dau, yaani thamani ambayo kifaa hupewa ndani ya mchezo. Katika Kiingereza njia zote tatu zimepita katika neno moja. Katika Kiswahili zimegawanywa kwa maneno matatu. Ulinganishi huu unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya misimu ya mchezo huzaliwa katika njia ya dau, nayo ndiyo njia ambayo kamusi huipa nafasi finyu zaidi. Makala yanapendekeza namna ya kuziba pengo hilo.

1. Utangulizi

Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza *marble* katika hadithi ya watoto, kamusi thaniya humpa njia mbili: *marumaru* na *gololi*. Akichagua ya kwanza, wavulana wa hadithi hiyo watachezea vipande vya jiwe la kujengea. Akichagua ya pili, watacheza mchezo ambao msomaji wake anaujua. Akikutana na neno hilo hilo katika maelezo ya kasri, uchaguzi unageuka. Na akikutana nalo katika usemi wa Kiingereza kwamba mzee fulani amepoteza *marbles* zake, hakuna hata moja kati ya maneno hayo mawili linalomfaa, kwa kuwa anayezungumziwa hapo amerukwa na akili.

Ugumu huu kwa kawaida hujadiliwa kama tatizo la ulinganifu wa visawe. Makala haya yanaujadili kama tatizo la historia. Kamusi inapoandika maana ya 1, ya 2 na ya 3 chini ya kidahizo kimoja, msomaji huelekea kudhani kwamba ya pili ilitokana na ya kwanza, na ya tatu ikatokana na ya pili. Dhana hiyo ina msingi katika kamusi chache tu. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, iliyotolewa kwa sehemu kati ya 1884 na 1928, ilipangwa kwa misingi ya kihistoria, hivyo maana iliyoandikwa kwanza ndiyo iliyothibitishwa mapema zaidi. Kamusi nyingi nyingine, zikiwemo za Kiswahili, hupanga maana kwa kuangalia matumizi ya sasa. Nambari zake ni za mpangilio, wala si za ukoo.

Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: jina la kifaa kidogo cha kuchezea linapopata maana nyingine nje ya mchezo, ni sifa ipi ya kifaa hicho inayobebwa? Je, ni kile kilichotengenezewa, ni umbo lake, au ni nafasi yake katika mchezo? Sehemu ya 2 hadi ya 5 zinajibu swali hilo kwa kufuata kila njia peke yake. Sehemu ya 6 inatoa tahadhari kuhusu etimolojia za maneno ya aina hii, na ya 7 inarejea kwenye kazi ya mtunga kamusi.

2. Njia ya jiwe: *marble* na *marumaru*

*Marble* na *marumaru* ni ndugu wa mbali. Asili ya yote mawili ni neno la Kigiriki *marmaros*. Tawi la magharibi lilipita katika Kilatini, *marmor*, kisha Kifaransa, *marbre*, ndipo likaingia katika Kiingereza, ambako /r/ ya pili iligeuka kuwa /l/ ili sauti mbili zinazofanana zisikaribiane mno. Tawi la mashariki liliingia katika Kiarabu kama *marmar*, na kutoka huko likafika pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili kilivunja mfuatano wa konsonanti kwa kuingiza vokali, kikafunga neno kwa vokali pia, likawa *marumaru*.

Tofauti kati ya ndugu hawa ilianza walikofikia. Katika miji ya pwani, jiwe la ujenzi lilikuwa matumbawe, yaliyochongwa au kuungwa kwa chokaa. Marumaru ilikuwa bidhaa ya kuletwa kutoka ng'ambo, nayo ilihusishwa na majengo ya fahari. Kwa sababu hiyo sifa iliyoshika katika neno la Kiswahili ni uso laini unaong'aa chini ya miguu ya wenye nafasi. Sifa hiyo ndiyo inayoeleza maana ambayo neno linayo leo katika soko la vifaa vya ujenzi nchini Tanzania. Fundi anayeulizwa bei ya kuweka marumaru hafikirii jiwe la machimboni; anafikiria vigae vya kauri vya sakafuni na ukutani, vinavyouzwa katika maboksi na kupimwa kwa mita za mraba. Jiwe limeondoka, mng'aro umebaki.

Katika Kiingereza, neno lilielekea kwingine. Kufikia mwishoni mwa karne ya 17 lilikuwa limeanza kutumiwa kwa vitufe vidogo ambavyo watoto walichezea, kwa kuwa baadhi yake vilichongwa kwa jiwe hilo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliliandikia maana tatu: kwanza jiwe la sanamu na majengo ya kifahari, pili vitufe vya watoto, tatu jiwe lenye maandishi au michongo ya kale. Katika maana ya pili alichukua hadhari ya kueleza kwamba vitufe hivyo hudhaniwa tu kuwa vya jiwe hilo. Hadhari hiyo ni ushahidi mdogo lakini wa thamani, kwani inaonyesha kuwa tayari katika wakati wake jina na dutu vilikuwa vimeanza kuachana.

Karne iliyofuata ilikamilisha talaka hiyo. Vitufe vya bei nafuu vilifinyangwa kwa udongo na kuchomwa. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa kioo wa mji wa Lauscha, Ujerumani, walianza kutumia mkasi maalumu wa kukatia na kuviringishia vitufe vya kioo. Mwishoni mwa karne hiyo, mji wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, ukawa kitovu cha kuvizalisha kwa wingi viwandani, kwanza vya udongo na baadaye vya kioo. Mtoto wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 angeweza kuwa na mfuko uliojaa *marbles* pasipo kuwahi kuligusa jiwe hilo.

Huu ni utaratibu wa kawaida wa maana, na Kiswahili kina mifano yake. Neno *risasi*, lililotoka katika Kiarabu likiwa jina la madini ya risasi, liligeuka pia kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa na bunduki, na likabaki na maana hiyo hata kitu hicho kilipotengenezwa kwa madini mengine. Neno *bilauri* lina asili ya jina la Kiarabu la fuwele, lakini kwa Mswahili ni chombo cha kunywea. Katika njia hii ya kwanza jina la dutu hukabidhiwa kifaa, kifaa hubadilisha dutu, na jina halirudi nyuma. Hata hivyo, njia hii haizai misimu. Hakuna aliyecheka wala kuficha jambo kwa kuita kigae marumaru.

3. Njia ya umbo: *gololi* na wenzake

Neno *gololi*, ambalo baadhi ya wazungumzaji hulitamka *goroli*, halina uhusiano wowote na jiwe. Kamusi za Kiswahili sanifu hulipa maana mbili: kitufe kidogo wanachochezea watoto, na kitufe cha chuma kinachowekwa ndani ya beringi, kwa mfano ya baiskeli. Msomaji anaweza kujiuliza ipi ilitangulia. Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa kutazama lugha nyingine.

Kifaransa huita kitufe cha kuchezea *bille*, na neno hilo hilo hutumika kwa kitufe cha beringi na kwa kile kilicho kwenye ncha ya kalamu ya wino mkavu. Kiarabu cha Misri kina neno *bili* kwa kitufe cha mchezo, na beringi huitwa humo kwa jina lililokopwa kutoka Kifaransa lenye neno hilo ndani yake. Kiingereza, ambacho jina lake la mchezo lilifungwa na jiwe, kilishindwa kulipeleka neno *marble* kwenye mashine, kikatumia neno la jumla la mpira. Watoto wake hata hivyo walivitoa vitufe vya chuma ndani ya beringi mbovu na kuvichezea, wakavipa jina lililotokana na neno la chuma.

Ulinganishi huu unafundisha jambo moja. Lugha ambazo jina la kitufe limejengwa juu ya umbo hulipeleka jina hilo kwenye mashine bila shida. Lugha ambayo jina lake limejengwa juu ya dutu hukwama. *Gololi* iko katika kundi la kwanza. Kwa hiyo uwili wa maana zake hauhitaji kuelezwa kwa kutangulia kwa maana moja juu ya nyingine. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna kitu kimoja tu, kitufe kidogo kigumu cha mviringo kamili, ambacho kinaweza kuwa mkononi mwa mtoto au ndani ya gurudumu.

Historia ya viwanda inaupa mtazamo huo nguvu. Beringi za baiskeli zilianza kupewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1869, kwa jina la Jules Suriray. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga vitufe vya chuma hadi vikawa na ukubwa sawa na mviringo kamili. Huko Akron, Martin Christensen alishughulika kwanza na mashine ya kutengeneza vitufe vya chuma vya beringi, kisha akautumia ujuzi huo kubuni mashine ya kutengeneza vitufe vya kioo vya kuchezea, iliyopewa hataza mwaka 1905. Vitufe ambavyo Kiswahili huviita kwa jina moja vilitoka, huko Akron, katika ubunifu wa mtu mmoja. Kamusi inayovitenganisha kwa nambari mbili inafuata desturi ya kamusi. Lugha yenyewe inafuata kitu.

Njia hii ya pili ina mipaka yake pia. Umbo hupeleka jina kwenye mashine, kalamu na viungo vya mwili. Katika Kiingereza cha mitaani *marbles* ni jina mojawapo la korodani, na msingi wake ni umbo tu. Misimu ya aina hii ipo katika lugha nyingi na haihitaji kujua kanuni yoyote ya mchezo. Mtu asiyewahi kucheza anaielewa papo hapo. Misimu inayohitaji ujuzi wa mchezo hutoka kwingine.

4. Njia ya dau katika Kiingereza

Wachezaji wenyewe mara nyingi hawaviiti vifaa vyao kwa jina la jumla. Watoto wa Uingereza wa karne ya 18 na 19 walikuwa na maneno ya ndani ya mchezo. *Taw* lilikuwa jina la kitufe ambacho mchezaji hupigia vingine, na pia jina la mchezo. *Alley*, lililofupishwa kutoka jina la alabasta, lilianza mwanzoni mwa karne ya 18 kama jina la kitufe bora. *Commoney* kilikuwa kitufe cha kawaida, kisicho na thamani kubwa. Ingawa *alley* lina asili ya jina la jiwe, kazi yake miongoni mwa wachezaji ilikuwa kutaja daraja: kitufe ambacho hukiweki rehani ovyo.

Charles Dickens alilitumia jambo hili katika *The Pickwick Papers*, riwaya iliyotolewa kwa sehemu mwaka 1836 na 1837. Katika kesi ya madai ya kuvunja ahadi ya ndoa, wakili wa mlalamikaji anayataja maneno hayo ya watoto mbele ya baraza la mahakama, kisha analazimika kueleza kuwa anavyoelewa yeye ni aina za vitufe zinazopendwa na vijana wa mji. Kichekesho hicho kina somo la leksikografia ndani yake. Wakili anafanya kazi ya mtunga kamusi: anatafsiri neno la wachezaji kwa neno la jumla, na katika kufanya hivyo anapoteza kilicho muhimu kwa mtoto, yaani tofauti kati ya kitufe cha kuringia na kitufe cha kupoteza.

Misemo ya Kiingereza iliyotoka katika mchezo huu na kuenea nje yake imebeba kanuni na dau, si jiwe wala umbo. *Knuckle down* ilikuwa amri ya kumtaka mchezaji agusishe vifundo vya vidole ardhini anapopiga, asije akasogeza mkono na kudanganya. Tunaijua katika maana hiyo tangu karne ya 18. Katikati ya karne ya 19, huko Marekani, ilikuja kumaanisha kujifunga kibwebwe katika kazi. Msemo wa kucheza *for keeps*, wenye maana ya kwamba atakayeshinda atabaki na alichoshinda, ulipanuka katika Kiingereza cha Marekani miaka ya 1860 ukawa na maana ya jambo lisilo la mzaha na lisilo na kurudi nyuma.

Usemi wa kupoteza *marbles* unahitaji uangalifu zaidi. Kamusi ya misimu ya John Camden Hotten ya 1864 ililipa neno hilo maana ya samani na vitu vya nyumbani, na wapo wanaolihusisha na neno la Kifaransa la samani, *meubles*. Mwishoni mwa karne ya 19 usemi wa kupoteza *marbles* ulisikika Marekani, mara nyingine kwa maana ya kupandwa na hasira, na kufikia miaka ya 1920 wingi huo ulikuwa na maana ya akili timamu. Iwapo samani za Hotten zina mkono katika maendeleo haya au la, kiunzi cha maana ni kimoja: mtu ana hazina ndogo inayohesabika, ambayo anaweza kuibakiza au kunyang'anywa. Aliyepoteza gololi zote hana cha kuchezea tena, amebaki ukingoni mwa duara akitazama wenzake. Hiyo ndiyo picha iliyohamishiwa kwenye akili. Mviringo wa kitufe hauna kazi yoyote humo.

5. Njia ya dau katika Kiswahili: *kete*

Tukilitafuta dau katika neno *gololi* hatulipati kwa urahisi. Neno hili limekwenda kwenye mashine, halikwenda kwenye misimu kwa nguvu iliyoonekana katika Kiingereza. Je, Kiswahili hakina njia ya tatu? Kinayo, lakini imepita katika neno jingine, *kete*.

Kamusi huanza kwa kueleza kete kuwa ni aina ya simbi za baharini, kisha kifaa cha kuchezea bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kwa desturi kete hizo ni komwe, mbegu ngumu za mkomwe. Katika drafti, kete mara nyingi ni vizibo vya chupa za soda. Hapa tayari tunaona kwamba neno limeachana na dutu na pia na umbo. Simbi, mbegu na kizibo havifanani kwa kitu kilichovitengeneza wala kwa sura. Kinachoviunganisha ni nafasi yake: kila kimoja ni kimoja katika hesabu, kinasogezwa kwa zamu, na kinaweza kuliwa.

Kitenzi *kula* ndicho kinachoishika njia hii. Katika bao na drafti mchezaji hula kete za mwenzake. Katika gololi za kushindania, mshindi amekula na mshinde ameliwa. Kutoka hapo *kuliwa* kumeenea hadi kwenye kamari ya fedha na kwenye hasara ya kila aina: anayesema ameliwa elfu kumi hana haja ya kutaja mchezo wowote. Katika lugha ya siasa, magazeti huandika kuwa chama kimecheza kete yake ya mwisho, au kwamba mgombea fulani ni kete muhimu. Msomaji anaelewa kwa sababu anajua kwamba kete hutumika kwa mpango na ikishachezwa hairudishwi.

Hatua iliyo nzito zaidi ni ile ya dawa za kulevya. Katika Kiswahili cha Tanzania, *kete* ni jina la kifurushi kimoja kidogo cha dawa hizo, iwe heroini, kokeini au bangi. Neno limetoka katika kauli za wauzaji na watumiaji, likapanda hadi kwenye taarifa za polisi na habari za magazeti, ambako huandikwa kwa hesabu kamili ya kete zilizokamatwa au zilizotolewa tumboni mwa msafirishaji. Je, limepita njia ya umbo au ya dau? Ushahidi wa kete za heroini zinazomezwa, zilizofungwa zikawa za mviringo, ungeweza kutufanya tuseme umbo. Lakini kete ya bangi kwa kawaida ni kifungashio cha karatasi, nacho hakina mviringo wowote, na bado ni kete. Jaribio hili linaamua: sifa iliyobebwa ni ya kitengo kinachohesabika, chenye thamani iliyokubaliwa baina ya wanaoshiriki. Ni sifa ile ile iliyoziunganisha simbi, komwe na kizibo.

Tunapoyaweka matokeo haya pamoja, mgawanyo unaonekana wazi. Kiingereza kiliyapa neno moja, *marble*, maana za jiwe, za kitufe na za hazina ya mchezaji. Kiswahili kililipa *marumaru* jiwe, *gololi* umbo, na *kete* dau. Ndiyo maana mfasiri wa utangulizi wetu hakupata kisawe cha usemi wa kurukwa na akili: alikuwa akiitafuta njia ya tatu ndani ya maneno ya njia ya kwanza na ya pili.

6. Tahadhari ya etimolojia

Maneno ya michezo huvutia etimolojia za kubuni, kwa kuwa vifaa vyake vinaonekana na hadithi zake zinapendeza. Mfano unaojulikana ni neno la Kiingereza *codswallop*, lenye maana ya upuuzi. Hadithi husema lilitokana na Hiram Codd, Mwingereza aliyepewa hataza mwaka 1872 ya chupa ya soda inayofungwa kwa gololi ya kioo shingoni. Chupa hiyo ni ya kweli na ilienea hadi India, na watoto waliivunja ili wapate gololi yake. Lakini neno lenyewe halithibitishwi katika maandishi kabla ya 1959, lilipotumika katika mchezo wa vichekesho wa utangazaji wa Uingereza. Kati ya kifaa na neno kuna takribani miaka 90 ya ukimya, na etimolojia haiwezi kuvuka ukimya wa namna hiyo kwa mfanano wa silabi.

Tahadhari hiyo inahusu maneno yetu pia. Nairobi na miji mingine ya Kenya, watoto huita gololi *bano*. Etimolojia mbili zinajitokeza. Ya kwanza inatazama Kipunjabi na Kihindi cha kaskazini, ambamo *banta* ni jina la gololi na pia la soda ya chupa ya Codd. Njia ya kihistoria ipo, kwa kuwa wengi wa vibarua walioijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walitoka Punjab. Ya pili inatazama kitenzi *bana*, ambacho kwa kiambishi tamati -*o* huzaa nomino, kama *pata* inavyozaa *pato*. Na mchezaji huibana gololi kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuifyatua. Etimolojia ya pili inatabiri ngeli ya *li-/ya-* na wingi *mabano*, wingi ambao Kiswahili sanifu tayari kinautumia kwa alama za uandishi. Ya kwanza inatabiri kwamba neno lingeelekea zaidi *i-/zi-*, kama mikopo mingi. Utabiri huo unaweza kupimwa kwa kurekodi upatanisho wa kisarufi wa wazungumzaji wazee, ambao usemi wao haujaathiriwa sana na kulegea kwa ngeli katika lugha ya vijana wa mjini. Mfanano wa silabi *ban-* pekee hautoshi kumpa yeyote ushindi.

Kwa *gololi*, mwelekeo unaovutia ni wa Kigujarati na Kihindi, ambamo *goli* ni kitu kidogo cha mviringo: kidonge, risasi na gololi. Upana huo wa maana unalingana kabisa na njia ya umbo tuliyoiona katika sehemu ya 3. Hata hivyo, anayeishikilia dhana hii ana wajibu wa kuieleza silabi ya ziada, maana *goli* kwa utaratibu wa kawaida wa ukopaji ingeingia ilivyo. Pia ajihadhari na *goli* ya Kiswahili cha leo, ambayo imetoka katika Kiingereza cha kandanda na haina undugu na neno la Kihindi.

7. Kazi ya mtunga kamusi

Kiingereza kinaweza kuandikiwa historia kama iliyoelezwa katika sehemu ya 4 kwa sababu wapo waliokusanya maneno ya wachezaji kabla hayajapotea. Francis Grose alitoa kamusi ya lugha ya mitaani mwaka 1785. Alice Bertha Gomme alikusanya michezo ya jadi ya Uingereza, Uskoti na Ayalandi katika majuzuu mawili ya 1894 na 1898. Joseph Wright alitoa kamusi ya lahaja kati ya 1898 na 1905. Watu hawa hawakungoja neno lipande hadi kwenye lugha sanifu ndipo walitambue.

Leksikografia ya Kiswahili ilifuata mkondo mwingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikabidhiwa jukumu la usanifishaji, na kamusi za Johnson za 1939 zilitumikia jukumu hilo. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981 iliendeleza kazi hiyo kwa Kiswahili chenyewe. Mafanikio yake ni makubwa, lakini shabaha ya usanifishaji kwa asili yake huacha nje maneno ya uwanjani. Misimu imepata watafiti wake, wakiwemo Rajmund Ohly, aliyetoa kamusi ndogo ya misimu mwaka 1987, na Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, waliochapisha utafiti wao wa lugha ya mitaani ya Tanzania mwaka 2006. Kilichobaki wazi ni daraja baina ya pande hizi mbili, yaani msamiati wa mchezo wenyewe, ambao bado haujawa misimu na hautahesabiwa kuwa sanifu.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, vidahizo vya vifaa vya mchezo viwe na maana inayoeleza kazi ya kifaa ndani ya mchezo, si umbo lake tu. Maelezo ya *gololi* yasiyotaja kwamba gololi huliwa hayawezi kumsaidia msomaji kuelewa chochote kitakachotoka humo. Pili, vitenzi vya mchezo, kama *kula* katika maana yake ya kushinda, vionyeshe mchezo ambamo vinatumika na upanuzi wake katika kamari na siasa, ili maana ya *kuliwa* isionekane kana kwamba imezuka. Tatu, ukusanyaji wa maneno ya wachezaji ufanywe kwa kuandika mahali, umri wa mzungumzaji na miaka aliyocheza. Bila taarifa hizo, hoja ya *bano* na ya *gololi* itabaki kuwa ya silabi zinazofanana.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jina la kifaa cha mchezo hupata maana mpya kwa njia tatu, na kwamba kila njia ina mwisho wake. Njia ya dutu huishia katika ujenzi na vyombo. Njia ya umbo huishia katika mashine na mwili. Njia ya dau huishia katika akili, fedha, siasa na biashara haramu. Ya tatu ndiyo inayohitaji kujua mchezo, na kwa hiyo ndiyo inayokufa haraka mchezo unapoachwa. Watoto wa miji yetu bado wapo wanaopiga gololi vumbini, na wazee bado wapo wanaosogeza kete barazani. Maneno yao yanaweza kukusanywa sasa kwa daftari na kinasa sauti. Kizazi kimoja baadaye, mtafiti wa Kiswahili atabaki na nambari za kamusi, naye atalazimika kukisia ukoo kutokana na mpangilio.